Noti Zilizokatazwa Kupita

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California, sintesaiza mbili za makampuni yaliyokuwa yakishindana sokoni ziliwekwa jirani na kuunganishwa kwa waya. Moja ilikuwa Prophet-600 ya Sequential Circuits ya Marekani, ya pili Jupiter-6 ya Roland ya Japani. Mtu akibonyeza kinanda kimoja, cha pili nacho kinalia. Leo jambo hilo halimshangazi hata mtoto. Wakati ule kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha mitambo yake, na aliyechanganya vyombo vya nyumba mbili alihitaji fundi wa kumchokonolea nyaya, tena bila hakika ya kufanikiwa.

Kilichopita ndani ya waya ule hakikuwa sauti. Zilipita amri, na kila amri ya noti ilikuwa namba tatu. Ya kwanza husema kwamba noti imebonyezwa, na katika chaneli ipi kati ya 16. Ya pili hutaja ni noti gani, kuanzia 0 hadi 127, ambapo do ya katikati ya piano ni 60. Ya tatu hueleza nguvu ya kidole, nayo kwa kipimo kilekile cha 0 hadi 127. Kidole kikiinuka, zinapita namba nyingine tatu kutangaza kwamba noti imeachwa. Basi. Kordi iliyokwisha kurekodiwa kwenye utepe huwezi kuitoa sauti moja ukaziacha nyingine. Kordi iliyo katika amri unaweza, kwa sababu 60 ni 60, na mashine ikiambiwa 60 isipite, haipiti.

Lugha hiyo ya amri ndiyo MIDI. Dave Smith, mwanzilishi wa Sequential, pamoja na mhandisi wake Chet Wood, walikuwa wamepeleka pendekezo la mwanzo mbele ya Audio Engineering Society mjini New York mnamo Novemba 1981. Ikutaro Kakehashi wa Roland alikuwa akilisukuma wazo hilohilo upande wa Japani, na Yamaha, Korg na Kawai wakaingia. Waraka rasmi wa toleo la 1.0 ulitoka Agosti 1983. Hawakuweka ada ya matumizi, na nadhani hilo lilisaidia kuieneza kuliko ubora wake wa kiufundi, maana kiufundi ilikuwa kitu cha bei rahisi makusudi: plagi ya pini tano iliyokuwa tayari madukani, na mwendo wa alama 31,250 kwa sekunde. Kwa mwendo huo noti moja huchukua karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita. Ni haraka, ila si haraka kama inavyosikika, hasa waya mmoja unapobeba bendi nzima.

Na bendi nzima ndiyo iliyokuja. Waraka wa 1983 ulipendekeza kwamba chombo kikiwashwa kisikilize chaneli zote. Ukiwa na sintesaiza mbili, raha. Ukiwa na nne na mashine ya ngoma, kila kimoja kinaitikia kisichokihusu: mashine ya ngoma inapiga sinia kwa kuwa mtu amegusa fa ya kinanda. DX7 ya Yamaha, iliyotoka mwaka huohuo na kuenea studio za dunia nzima, ilijua kutuma kwa chaneli ya kwanza tu. Tena ilikuwa na kibodi inayohisi mgandamizo: ukiendelea kukandamiza kitufe baada ya noti kulia, inamwaga mfululizo wa namba wakati wote, iwe chombo cha upande wa pili kinazitaka au hakizitaki. Namba hizo zilijaza kumbukumbu ya sikwensa, yaani mitambo ya kurekodi amri, za wakati ule na kuzichelewesha noti zenyewe njiani.

Kichujio cha MIDI kilizaliwa kuondoa kero hiyo. Kazi yake ilikuwa usafi. Zuia mgandamizo, zuia chaneli ya tatu, zuia noti zote chini ya 48 zisimfikie mpiga zumari wa kielektroniki. Yamaha ilitengeneza kisanduku kilichoitwa MEP4, cha kuketi katikati ya waya na kuzichambua amri zinazopita. Programu za kompyuta nazo ziliweka ukurasa wa kuchuja kabla ya kurekodi, hasa zile za Atari ST, kompyuta iliyotoka 1985 ikiwa na matundu ya MIDI mwilini mwake tayari. Mpiga kinanda yeyote wa bendi za harusi anajua mfano rahisi kuliko wote, hata kama hakuwahi kuuita hivyo: kitufe kinachoigawa kibodi sehemu mbili, mkono wa kushoto ukatoa besi na wa kulia ukatoa filimbi. Ndani yake mna vichujio viwili vya noti vilivyopakana.

Hakuna aliyeandika kwenye kijitabu cha maelezo kwamba kitu hicho kingeweza kutunga muziki.

Laurie Spiegel alikuwa mmoja wa watu waliokiona mapema. Miaka ya 1970 alikuwa amefanya kazi kwenye maabara ya Bell Labs, kwenye mtambo wa GROOVE alioujenga Max Mathews, ambako mtunzi aliweza kuiongoza kompyuta kwa mkono huku ikicheza. Mwaka 1986 alitoa programu ya Macintosh aliyoiita Music Mouse. Hakuna kinanda ndani yake. Mkono unasogeza kipanya, programu inakisoma kipanya kama noti, na sauti zinatoka kwa pamoja zikiwa zimebanwa ndani ya skeli aliyoichagua mtu. Kila noti isiyo ya skeli hiyo haina njia ya kutoka. Watu wengi waliipokea kama kifaa cha kumwezesha asiyejua muziki asikosee. Spiegel mwenyewe aliitumia kama chombo cha kupiga, na tofauti ni kubwa: kwake, kuondolewa kwa noti zisizotakiwa kuliuacha mkono huru ushughulike na mambo mengine, mwendo wa sauti, uzito, na lini kunyamaza.

Nitasema hapa ninachokiamini, kwa sababu hali hiyo imerudi kwa kishindo siku hizi. Kutumia kichujio ili tu usipige noti mbaya ndiyo matumizi yake maskini kuliko yote. Kinakupa usalama na kukunyang'anya sababu ya kusikiliza. Historia yenye utamu ni ya wale waliozuia noti nzuri.

Joel Chadabe alikuwa wa kundi hilo. Alifundisha Albany, jimbo la New York, na mwaka 1986 hivi kampuni yake ya Intelligent Music ilianza kutoa programu za Macintosh. Iliyojulikana zaidi iliitwa M, ikatoka 1987, ikiwa imeandikwa na David Zicarelli akishirikiana na Chadabe, John Offenhartz na Antony Widoff. Ulikuwa unaipa M noti zako, kisha unaitazama ikizizungusha huku wewe ukigeuza mambo kadhaa hapohapo. Kimojawapo kilikuwa wingi wa noti. Unaweka asilimia: 100, zote zinapita, 60, kwa kila noti mashine inarusha karata yake na karibu nne katika kumi zinabaki nje. Wimbo ni uleule, noti hazijaguswa, lakini kila mzunguko una mapengo mahali pengine. Mtu aliyezoea kuandika noti moja moja kwenye karatasi hapo alipaswa kujifunza kazi mpya, ya kuamua ni kiasi gani cha wimbo wake kisikike bila kuamua ni kipande kipi.

Zicarelli ndiye daraja la kuvukia upande wa pili wa bahari. Paris, kwenye taasisi ya IRCAM, kijana wa Kimarekani aitwaye Miller Puckette alikuwa akitafuta namna ya kuidhibiti 4X, mashine kubwa ya kuchakata sauti iliyoundwa na Giuseppe di Giugno. Mtunzi Philippe Manoury alikuwa akiandika kipande cha piano kiitwacho Pluton, na alitaka kompyuta imfuate mpiga piano, badala ya mpiga piano kuifuata kompyuta kama ilivyokuwa kwa kanda za zamani. Kazi ya Puckette ikawa programu ya Macintosh ambamo unachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Kisanduku kimoja kinapokea noti, kingine kinauliza kama iko kati ya namba hii na ile, cha tatu kinaichelewesha, cha nne kinaipeleka nje. Aliiita Max, kwa heshima ya Max Mathews. Zicarelli aliiendeleza, na kampuni ya Opcode ikaanza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kabla ya Max kuuzwa madukani, mtunzi mmoja wa Kifaransa alikwisha kuonyesha inaweza kufika wapi. Jean-Claude Risset alikuwa mwanafizikia na mpiga piano kwa pamoja, mtu aliyeitumia miaka ya 1960 Bell Labs kuchunguza kwa nini tarumbeta hulia kama tarumbeta. Mwaka 1989, akiwa MIT huko Marekani, alipewa piano ya Yamaha Disklavier: piano ya kweli, ya nyundo na nyuzi, inayoweza kutuma kila kinachopigwa kama MIDI na kupokea MIDI ikajipiga yenyewe. Kwa msaada wa Scott Van Duyne aliandaa michoro ya Max na kutunga vipande vifupi vinane alivyoviita duwa ya mpiga piano mmoja. Mtu anapiga, piano hiyohiyo, kwa vitufe vinavyozama bila kidole, inamjibu.

Katika kipande cha vioo, kila noti inajibiwa na mwenzake wa upande wa pili wa mhimili, kama alivyofanya Webern kwa mkono katika Variations zake za piano, opus 27. Hesabu yake inaingia mstari mmoja. Ukichukua la ya juu ya do ya katikati, yaani namba 69, kuwa mhimili, jibu ni 138 ukitoa noti iliyopigwa. Do ya katikati, 60, inajibiwa na 78. Lakini piano ina vitufe 88 tu, kutoka 21 hadi 108, kwa hiyo kwa mhimili huo vitufe tisa vya chini kabisa havina kivuli: majibu yake yangeangukia nje ya piano na lazima yachujwe. Mpiga piano anayejua hilo anapata mahali pa kusema peke yake. Akishuka huko chini, kioo kinanyamaza, akipanda, kinaamka. Ukuta uliosababishwa na useremala wa piano unageuka kuwa mlango wa kuingilia na kutokea.

Kipande kingine kati ya hivyo vinane kinanipendeza zaidi kwa ujasiri wake. Kwenye sehemu yake ya katikati mpiga piano anakandamiza kordi polepole kiasi kwamba nyundo hazigongi, nyuzi zinaachwa wazi tu. Kompyuta inapiga noti nyingine, na zile nyuzi zilizofunguliwa kimyakimya zinaitikia mtikisiko wake. Hapo kichujio si programu tena. Ni mikono ya mtu: kati ya nyuzi zote za piano anachagua zipi ziruhusiwe kuitikia, na ndilo jambo pekee analolifanya.

Ujerumani ilikuwa na njia yake, ya watu wa studio zaidi kuliko wa maabara. Karibu na Hamburg kulikuwa na makampuni mawili yaliyotawala Atari: Steinberg, iliyotoa Cubase mwaka 1989, na C-Lab, ambayo waanzilishi wa programu zake baadaye walianzisha Emagic na kuleta Logic. Ndani ya Logic kulikuwa na chumba cha nyuma kilichoitwa Environment, ambacho watumiaji wengi walikiogopa na wachache walihamia humo moja kwa moja. Kulikuwa na kisanduku cha kubadili na kuchuja chenye masharti: noti ikitimiza sharti ipite juu, isipotimiza ishuke chini. Kulikuwa pia na hali ya kugawa kwa zamu, ambapo noti ya kwanza inayofaa inakwenda waya wa kwanza, ya pili waya wa pili. Unapiga mstari mmoja wa kawaida kabisa, unatoka ukiwa umegawanywa kati ya vyombo viwili vinavyopokezana noti kwa noti. Apple iliinunua Emagic mwaka 2002, na kwa miaka mingi Environment iliendelea kukaa mle ndani huku wengi walioinunua Logic wakiwa hawajui kama ipo.

Wale waliokaa vyumba hivyo vya nyuma waligundua jambo ambalo kwa maneno linaonekana dogo: ukichuja kwa kimo cha sauti, unapata mdundo. Chukua mstari wa noti saba zilizosawazishwa, kila moja robo ya pigo, uzungushe bila kukoma. Baa ina nafasi 16, mstari una saba, kwa hiyo haviendi sambamba. Sasa zuia noti moja kati ya saba. Pengo linatokea kila baada ya nafasi saba, na mahali pake ndani ya baa panahama kila mara. Inachukua nafasi 112, yaani baa saba, pengo kurudi lilipoanzia. Hukuandika mdundo wowote. Umekataza noti moja tu. Na ile iliyokatazwa ukiipeleka kwa chombo kingine badala ya kuitupa, machicha ya kifumbu nayo yanakuwa kitoweo: una kengele inayolia kwa mpangilio wa ajabu, lakini inayooana na mstari wa kwanza kwa sababu imetoka tumboni mwake.

Wahandisi wa Hamburg hawakujua, na hapakuwa na sababu wajue, kwamba kazi hiyo ilikuwa na mtu wake na cheo chake mahali pengine, miaka mingi kabla ya plagi ya pini tano.

Marimba ya amadinda ya Waganda ina vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfuatano wake ulio sawa bila kukatika. Wa pili, omwawuzi, anaketi ng'ambo na kupenyeza noti zake katikati kabisa ya za mwenzake, hivyo mbio za pamoja zinakuwa maradufu. Wote wawili wanapiga kwa mikono miwili, okteva mbili kwa pamoja, na kwa kuwa okteva ya Waganda ina ngazi tano, vipande kumi vinatosha. Vinabaki viwili vya juu kabisa. Hivyo ni vya mtu wa tatu, omukoonezi. Yeye hana wimbo wake. Anasikiliza mchanganyiko wa wenzake, na kila mara sauti inapoangukia mojawapo ya vipande viwili vya chini kabisa, anaigonga sauti hiyo juu, okteva mbili zaidi. Zote nyingine anaziacha zipite.

Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, alifika Kampala mwaka 1959 na kujifunza kupiga kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyekuwa akifundisha pia kwenye Uganda Museum. Mwaka uliofuata aliandika makala katika jarida la African Music kuhusu muundo wa muziki huo. Alichokieleza ni kwamba msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji anayezipiga. Omunazi anajua mkono wake, omwawuzi wake; lakini sikio, likipokea noti nyingi zinazoruka juu na chini kwa kasi, linazikusanya zilizo karibu kwa kimo na kuzifanya mstari mmoja. Noti za chini zinaungana peke yao, za juu peke yao. Wanasaikolojia wa usikivu, akiwemo Albert Bregman wa Kanada, walikuja kulichunguza jambo hilo maabara kuanzia miaka ya 1970. Wapigaji wa Buganda walikuwa wamelipatia ajira: omukoonezi analifanya kwa fimbo lile ambalo sikio linalifanya lenyewe, na kumwelekeza kila aliye uwanjani kwenye mstari uliofichika.

Kuna la zaidi. Wimbo uleule unaweza kusogezwa ngazi, na kwa kuwa ngazi ni tano kuna mikao mitano inayoitwa miko. Omunazi na omwawuzi wanahama pamoja na wimbo. Omukoonezi hahami, kwa sababu mbao zake ni zilezile mbili. Noti zilizokuwa zikiangukia chini sasa ziko kwingine na nyingine zimechukua nafasi yake, basi mdundo wa omukoonezi unabadilika wote ingawa wimbo haujabadilika hata noti moja. Mtu yeyote mwenye programu ya muziki anaweza kulijaribu leo: aweke kifaa cha kupandisha na kushusha kimo cha noti kabla ya kichujio, si baada yake, kichujio kiruhusu noti mbili tu na kuzipeleka kwa kengele ya juu. Kila akigeuza kifaa cha kwanza, kengele inapata maisha mapya. Akiviweka kinyume, kengele inarudia mdundo uleule kwa kimo tofauti, na hakuna cha maana kilichotokea.

Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda iliyoongozwa na Obote liliishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu utaratibu huo imebaki kwa sababu Muyinda alifundisha, na kwa sababu Mganda mwingine, Joseph Kyagambiddwa, alikuwa ameandika kitabu juu yake tangu 1955.

Turudi kwenye nyaya. Kichujio kina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, na kila aliyekitumia amekutana nao usiku wa onyesho: noti isiyokatika. Kwa kuwa kubonyeza na kuachia ni amri mbili tofauti, ukibadili kichujio wakati kidole kiko chini, amri ya kuanza imepita lakini ya kumaliza inakuta mlango umefungwa. Chombo kinalia mpaka umeme uzimwe. Waraka wa MIDI ulikuwa na dawa, amri namba 123 ya kunyamazisha noti zote, na programu nyingi zikaweka kitufe chekundu kwa dharura hiyo. Wengine waliugeuza ugonjwa kuwa mtindo. Max ina kisanduku maalumu cha kuondoa amri za kuachia, na ukikiunganisha na sintesaiza laini, kila noti unayoigusa inabaki hewani. Unajenga wingu la sauti, kisha kazi yako inakuwa kuchagua ni ipi uiue.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Max ilikuwa mikononi mwa watu wa dansi na vilabu. Zicarelli alikuwa ameanzisha kampuni ya Cycling '74 mwaka 1997. Sean Booth na Rob Brown wa kundi la Autechre, kutoka Rochdale Uingereza, waliitumia kujenga mitambo yao ya kuamua noti zipi zipite na lini, na sehemu kubwa ya albamu yao Confield ya 2001 imetokana na majaribio hayo. Si muziki wa kumpigia mgeni akinywa chai. Mdundo unaonekana kuvunjika, lakini ukiuzoea unasikia kwamba kuna sheria, ila sheria yenyewe inahama.

Berlin, Gerhard Behles na Robert Henke wa Monolake walikuwa nao wakijiundia vifaa ndani ya Max. Behles na Bernd Roggendorf walianzisha Ableton mwaka 1999, Live ya kwanza ikatoka 2001 ikiwa ya sauti zilizorekodiwa tu. MIDI iliingia na Live 4, mwaka 2004, na ikaja na vifaa vidogo vya kupanga kwa mfululizo mbele ya chombo. Kimoja kinaitwa Scale. Ni ubao wa miraba: noti inaingia kwa wima, inatoka kwa mlalo. Wengi wanakitumia kubana noti ndani ya skeli na kuishia hapo. Lakini mraba unaweza kufutwa, na noti isiyo na mraba haitoki. Kando yake kuna kifaa cha nguvu ya kidole chenye hali ya lango: noti zilizopigwa kwa nguvu iliyo nje ya mpaka ulioweka zinaachwa nje. Panga viwili hivyo, tengeneza nakala ya mstari huohuo kwa vyombo viwili, kila kimoja na lango lake, na mpiga kinanda mmoja anakuwa wawili wanaobishana: kidole kizito kinaamsha kengele, chepesi kinaamsha upepo, cha kati hakimwamshi yeyote.

Hatua hiyo ndiyo iliyokitoa kichujio chumba cha nyuma. Haikuhitajika tena kuchora waya. Kilikuwa kitufe kwenye ukurasa wa mbele, na maprodyuza ambao hawakuwahi kusikia jina la Risset walianza kukichezea. Max for Live, iliyokuja 2009, iliviunganisha vyumba vyote viwili. Live 11 ya 2021 iliweka uwezekano kwa kila noti peke yake, yaani ile karata ya M ya 1987, safari hii ikiwa mikononi mwa kila mtu. Kwenye FL Studio ya Ubelgiji, programu iliyolea maprodyuza wengi wa Dar es Salaam na Nairobi tangu ilipoitwa FruityLoops, kuna Patcher, na ndani yake visanduku vya kugawa kibodi na kuielekeza noti moja kuwa nyingine. Ni wachache wanaovifungua. Studio inayotakiwa kutoa biti kabla ya jua kuzama haina muda wa kuuliza noti ipi ikatazwe.

Januari 2020 MIDI 2.0 iliidhinishwa, miaka 37 baada ya toleo la kwanza. Nguvu ya kidole, iliyokuwa na ngazi 128, sasa ina 65,536, na lango la nguvu lililokuwa likiwekwa kwa kubahatisha linaweza kuwekwa kwa wembe. Jambo kubwa zaidi limejificha kwenye maelezo ya noti. Namba zimebaki 0 hadi 127, lakini amri ya noti sasa inaweza kubeba kimo chake yenyewe, kando ya namba. Noti namba 60 inaweza kutoa sauti isiyo do, na isiyo noti yoyote ya piano. Ngazi tano za amadinda, ambazo ziko karibu kulingana na kwa hiyo haziketi kwenye 12 za kibodi, zinaweza kupewa namba tano zinazofuatana na kila moja ikabeba kimo chake cha haki. Vichujio vingi tulivyonavyo bado vinauliza namba. Kwa muziki wa namna hiyo vitakuwa vinauliza kitufe kilichobonyezwa, na atakayetaka kuchuja kwa sauti inayosikika itabidi aandike kichujio kingine.